Ndani ya Kristo: Baraka Zisizouzwa

Ukitoka Likoni kuelekea Lunga Lunga, ukifika Ukunda hukosi kuona mabango ya mikutano ya injili na makesha. Ahadi zake zinajulikana: kazi, ndoa, safari ya ng'ambo, biashara kufunguka. Mahubiri yakiisha, waumini huombwa wapande mbegu, yaani watoe pesa ili wavune baraka. Watalii wakipungua na hoteli za Diani zikipunguza wafanyakazi, yule aliyetoa mshahara wake wa mwisho hubaki na swali: nimeokoka, nimefunga, nimetoa, sasa baraka yangu iko wapi?

Jibu la Biblia liko wazi kuliko wengi wanavyodhani, na limekusanywa mahali pamoja: Waraka kwa Waefeso, sura ya kwanza, mstari wa 3 hadi wa 14. Katika Kigiriki cha asili, mistari hiyo yote ni sentensi moja yenye maneno 200 hivi, kama mtu aliyeanza kushukuru akashindwa kuvuta pumzi. Mwandishi wake, Paulo, anazitaja baraka moja baada ya nyingine. Mungu amewachagua waumini, amewafanya wana, amewakomboa, amewasamehe, amewajulisha mpango wake, amewapa urithi na amewatia muhuri wa Roho Mtakatifu. Orodha hiyo haina gari wala nyumba. Tena sehemu kubwa yake inasimuliwa kama jambo ambalo Mungu amekwisha kulitenda. Mwamini anaambiwa ashukuru kwa alichopewa. Hakuna mahali anapoambiwa alipie ili apewe.

Ufunguo wa sentensi hiyo ni maneno mafupi yanayorudi mara kumi hivi: ndani ya Kristo, ndani yake. Mwaka 1892 mtaalamu wa Kijerumani Adolf Deissmann alitoa kitabu kizima kuhusu maneno hayo, akaonyesha jinsi nyaraka za Paulo zilivyojaa msemo huo. Karne tatu kabla yake, John Calvin alikuwa amefundisha kwamba yote aliyoyatenda Kristo hayamfaidi mtu ambaye bado yuko mbali naye. Mafundisho hayo yanabadilisha namna ya kuuliza. Baraka hazitumwi moja moja kama vifurushi, huyu apate msamaha, yule apate amani. Mungu anampa mtu Kristo mwenyewe, na baraka zote zimo humo. Aliyeunganishwa naye anazo zote. Asiyeunganishwa naye hawezi kuipata hata moja kwa mlango wa nyuma.

Wana, watumwa na arabuni

Tuzitazame baraka tatu za orodha ile. Kwanza, kufanywa wana. Katika sheria ya Kirumi, mtu aliyeasiliwa aliingia katika ukoo mpya, akapata jina jipya na haki ya kurithi, na madeni yake ya zamani yakafutika. Huku Kwale, kaunti yenye Ukunda na Diani, suala la nani anarithi limewasumbua watu kwa vizazi. Zamani mali ya mwanamume wa Kidigo ilikwenda kwa watoto wa dada yake. Sheria ya Kiislamu ilikuja na mgawo wake kwa watoto wa kuzaa, na wazee, makadhi na mahakimu wakabaki na kazi ya kuamua mashauri ya mashamba. Hata leo Mwislamu anayemlea yatima humlea kwa kafala, bila kumwingiza katika nasaba yake. Ndiyo maana Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua kafala kando ya uasili wa kawaida. Msomaji wa Kwale basi anaelewa haraka uzito wa dai la Paulo. Mwamini hana nasaba ya kudai urithi wa Mungu. Anarithi kwa sababu ameunganishwa na Mwana wa pekee, na Waraka kwa Warumi sura ya 8 unamwita mrithi pamoja na Kristo. Mwanamke na mwanamume, mwenyeji na mgeni, wote wana fungu lilelile.

Pili, ukombozi. Hapa Paulo anatumia lugha ya watumwa na mateka: bei imelipwa, mtu ameachiliwa. Kusini ya Msambweni, huko Shimoni, wenyeji huonyesha mapango ambamo watumwa walifungiwa wakingoja majahazi. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Sultani Barghash mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe katika pwani hii ulifutwa kisheria mwaka 1907. Kwa miaka 34 yote ya kati, tangazo lilikuwepo na minyororo ilikuwepo. Paulo anasema ukombozi wa mwamini hauna pengo la namna hiyo: umepatikana kwa damu ya Kristo, na msamaha wa dhambi umeambatana nao. Kilichobaki ni kujifunza kuishi kama mtu huru.

Tatu, Roho Mtakatifu, ambaye Paulo anamwita muhuri na arabuni. Anayenunua shamba Ukunda anaijua arabuni: ni fedha za mwanzo zinazomfunga mnunuzi amalizie malipo. Anajua pia hofu yake, maana wengi wamelipa kisha wakagundua shamba lina hati mbili. Lakini kwa anayeipokea arabuni, usalama wake hutegemea aliyeitoa. Katika Waefeso anayetoa ni Mungu, na mwamini ndiye anayepokea. Kwa hiyo amani ya moyo, upendo na nguvu ya kuacha dhambi vinavyoonekana leo ni sehemu ya kwanza tu ya urithi. Uliobaki utatolewa siku ya ufufuo.

Mtu huingiaje?

Makanisa yote makubwa yanakubaliana kwamba mtu huunganishwa na Kristo kwa neema, na kwamba imani ni mkono unaopokea. Alama ya muungano huo ni ubatizo. Katika fuo za Diani makanisa mengi ya Kipentekoste hubatiza baharini, na ni lazima kwanza waujue wakati wa maji. Maji yakipwa unaweza kutembea kuelekea mwambani mwendo mrefu na maji yasipite magoti. Basi kwaya husubiri ufuoni hadi yajae, kando ya wauza vinyago na wenye ngamia. Kisha mbatizwa hushikwa mabegani, huzamishwa akapotea machoni, huinuliwa akitweta, na akina mama humpokea kwa vigelegele na leso kavu. Warumi sura ya 6 inaeleza maana yake: mtu amezikwa pamoja na Kristo na kufufuka pamoja naye. Mwanglikana na Mkatoliki humbatiza hata mtoto mchanga kwa kummwagia maji kichwani. Wanabishana na Wapentekoste kuhusu umri na wingi wa maji, lakini maana ya muungano wanaikubali wote. Meza ya Bwana nayo ni ushirika katika mwili na damu ya Kristo, kwa mujibu wa Wakorintho wa Kwanza sura ya 10.

Wakazi wengi wa Kwale ni Waislamu, na jirani Mwislamu akisikia habari hii ya muungano anaweza kuuliza kama Mkristo anadai amekuwa Mungu. Hadai hivyo. Kristo hubaki Kristo na mwamini hubaki kiumbe. Kinachobadilika ni uhusiano. Muungano huo haumfuti mtu pia: Mduruma wa Kinango, Mkamba wa Shimba Hills na Mjaluo aliyekuja kutafuta kazi hotelini huketi benchi moja bila yeyote kuacha lugha ya mama yake. Ndiyo maana sura ya pili ya Waefeso inaendelea na ukuta uliobomolewa kati ya Wayahudi na mataifa mengine.

Makosa mawili ya pwani yetu

Fundisho hili linapopotea, watu huumia. Kosa la kwanza ni lile la kuuza baraka kwa mafuta, maji na mbegu. La pili lilionekana mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Kwa mujibu wa mashtaka, waumini walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mmoja anauza, mwingine anaua kwa njaa, lakini msingi wao ni mmoja: wanamweka Kristo mbali, kisha wanamtoza mwamini nauli ya kumfikia. Waefeso inaanza kwa kusema nauli hiyo haipo. Mwamini yuko ndani yake tayari. Kuomba mvua, kazi au uponyaji kunabaki halali kabisa, na jibu likichelewa halimpunguzii mtu hata sehemu moja ya orodha ile.

Liko jambo moja zaidi ambalo Efeso na Kwale zinalielewa kwa pamoja, nalo ni hofu. Efeso ulikuwa mji wa bandari uliojulikana kwa uganga. Matendo ya Mitume sura ya 19 inasimulia watu waliochoma vitabu vyao vya uchawi vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Kwa wasomaji wa aina hiyo, waraka unasema Kristo ameketi juu ya kila nguvu na mamlaka, na kwamba waumini wameketishwa pamoja naye. Huku kwetu, wazee wa Kwale na Kilifi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo pana ugomvi wa shamba. Hapo ndipo fundisho hili linapopimwa. Anayeamini kwamba yuko ndani ya Kristo hana sababu ya kumwogopa bibi mwenye mvi wa mtaa wa pili, wala ya kunyamaza vijana wakipanga kumchomea nyumba. Kanisa linaloombea ulinzi dhidi ya wachawi huku likiwanyooshea vidole wazee wake linakanusha sura ya kwanza ya Waefeso kila Jumapili. Linaloiamini litamtembelea mzee huyo mchana kweupe, mbele ya macho ya kijiji kizima, na kuripoti kwa chifu mtu yeyote anayemtishia.