Bangi: neno tunalosema kwa sauti ya chini

Kuna mmea ambao kila mtu anaujua kati ya Kavimvira na Makobola, lakini katika mikutano yetu hakuna anayeutaja kwa jina. Tunasema "yale majani", tunacheka kidogo, tunarudi kwenye bei ya ndagala. Juma hili tumeamua kuliandika neno lenyewe: bangi. Tunaliandika kwa sababu kuna wenzetu wanaoilima huko milimani, na pesa yake inalipa minervali ya watoto wanaokaa kwenye dawati moja na watoto wetu. Tena kuna wenzetu walio na kijana anayeivuta, na aibu imewafanya waache kuja kukaa pamoja nasi.

Tuanze na shamba. Ukipanda milima iliyo nyuma ya mji wetu hutakuta mashamba makubwa ya bangi. Utakuta mistari michache katikati ya mahindi au mihogo, au nyuma ya migomba, mahali ambapo mpita njia haoni upesi. Mwenye shamba anapalilia, anang'oa mimea dume, anakata, anakausha, anafunga. Kazi yote ni ya mkono, na mara nyingi mkono huo ni wa mama.

Watu hupenda kusema kwamba anayelima bangi ni mvivu au ana tamaa. Wanaosema hivyo hawajateremka mlima siku nzima na mzigo wa mihogo mgongoni, ukamba umekaza kwenye paji la uso. Mihogo ni mizito na bei yake ni ndogo. Nyanya zinaoza njiani. Bangi iliyokauka ni nyepesi, haiozi upesi, na mnunuzi anaifuata mwenyewe. Ongeza magonjwa yaliyopita katika mashamba ya Kivu: mozaiki ya mihogo, mnyauko wa migomba ulioingia Kivu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kahawa iliyokauka ikiwa imesimama. Halafu ongeza vita. Mtu ambaye anaweza kukimbia usiku wowote hapandi kahawa na kuingoja miaka 3. Anapanda kitu kinachovunwa katika miezi michache.

Faida inakwenda wapi? Sehemu ndogo inabaki kwa mama. Kwa sababu kilimo hicho kinakatazwa, hana bei anayoweza kuidai wala ofisi anayoweza kwenda kulalamika. Kila mwenye bunduki anayemkuta njiani anaweza kumwambia atoe kitu, na akikosa, ni kasho. Mnunuzi mkubwa anajua hivyo, na anapanga bei yake akijua.

Marufuku hiyo haikutoka kwa babu zetu. Ilitolewa mwaka 1903, wakati nchi hii ilikuwa bado mali ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kwa amri iliyokataza kulima, kuuza na kuwa na bangi ya kuvuta. Kabla ya hapo mambo yalikuwa namna nyingine. Neno "bangi" asili yake ni India. Lilisafiri na majahazi mpaka pwani ya Waswahili, kisha njia za misafara zikalifikisha Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu. Na huko Kasai, Mjerumani Hermann von Wissmann alipopita mwaka 1881 aliwakuta watu wa chifu Kalamba wakijiita Bena Riamba, maana yake wana wa bangi. Kuvuta pamoja kulikuwa kwao alama ya amani na urafiki. Mkosaji naye aliadhibiwa kwa kuvutishwa mpaka azimie, kwa hiyo hatusemi kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Tunasema tu kwamba aibu hii ina umri, na umri wake si mkubwa kama tunavyodhani.

Tuje sasa kwa anayevuta. Hapa hatutaki kudanganya mtu. Bangi inaweza kuharibu. Wataalamu wanakadiria kwamba kati ya watu 10 wanaovuta, karibu 1 anafika mahali ambapo hawezi tena kuiacha. Kwa wale walioanza wakiwa bado vijana wadogo, ni karibu 1 kati ya 6. Akili ya kijana bado inajengwa, na katika familia ambazo ugonjwa wa akili umeshaonekana, bangi inaweza kuuamsha. Mama mwenye mimba asiivute. Motari aliyevuta asikubebe, hata kama ni mtoto wa jirani na anakupunguzia bei.

Lakini tuangalie jinsi tunavyopima. Anayerudi usiku akiyumba kwa kanyanga tunamwita baba fulani, na kesho yake tunamsalimia. Anayevuta bangi tunamwita jambazi. Akiwa msichana, ni mabaya zaidi: anaitwa malaya siku hiyohiyo, na hakuna anayemuuliza kilichompata. Mtu akianza kusema peke yake barabarani, jibu liko tayari: ni bangi. Labda ni bangi. Labda ni yale aliyoyaona huko milimani usiku walipochomewa nyumba, au ndugu aliyepotea katika maji ya Mulongwe mwezi wa nne 2020. Wako wanaovuta ili wapate usingizi. Ukimnyang'anya hayo majani bila kumuuliza kwa nini halali, umemwachia usiku uleule.

Aibu hiyo inachelewesha msaada. Familia inaficha, inamfungia kijana chumbani, inampeleka kwenye chumba cha maombi ambako wengine hufungwa kamba, na wanapofika kwa muuguzi miaka imepita. Wakati msaada upo: Sosame huko Bukavu inatibu magonjwa ya akili, na ng'ambo, Bujumbura, kuna kituo cha Kamenge. Mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha kartie yako. Maombi hatuyakatai, sisi wenyewe tunaomba. Tunakataa kamba.

Neno moja kwa wenye watoto wa kifafa, kwa sababu limeanza kuzunguka sokoni. Ni kweli kwamba kuna dawa iliyotolewa katika bangi, ambayo Marekani iliikubali mwaka 2018 kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto. Dawa hiyo imesafishwa na kupimwa, na kitu kile kinacholevya kimeondolewa. Majani yaliyochemshwa jikoni si dawa hiyo. Usimnyweshe mtoto, na usimwachishe vidonge alivyopewa na muganga.

Jirani zetu wamekwisha kubadili sheria kwa sehemu. Rwanda, hapo ng'ambo ya Ruzizi, tangu 2021 inaruhusu makampuni yenye kibali kulima bangi ya dawa na kuiuza nje, lakini kuvuta bado ni kosa. Hebu fikiri: uzio, kamera, walinzi. Mama wa Bijombo ataweka kamera wapi? Sisi tunaona mfano wa Moroko unatugusa zaidi. Huko, katika milima ya Rif, wakulima wadogo waliishi kwa kujificha miaka na miaka. Sheria ya 2021 iliwafungulia njia ya kulima kwa dawa na viwanda, wakiuza kupitia kooperative zao, na mwezi wa nane 2024 mfalme Mohammed VI aliwasamehe wakulima zaidi ya 4,800 waliokuwa wamehukumiwa au wakitafutwa. Waliokuwa wakijificha sasa wana kadi.

Kwetu sheria bado ni ileile, na hatumwambii mwanachama yeyote apande bangi. Anayekamatwa ni yeye, si mnunuzi. Lakini swali limetufikia ndani ya AVEC yetu, na hatuwezi kulikwepa: mwenzetu akijulikana kwamba analima, tumtoe? Wengine walisema pesa yake inachafua kisanduku. Tulibishana saa nzima. Mwishoni tulibaki na hili: hatuulizi hisa ya mtu ilitoka kwenye shamba gani, kama vile hatujamuuliza anayepika kanyanga. Hatumtoi mama kwa sababu ya mwanawe. Na mkopo wa kwanza wa msimu huu utapewa wale wa milimani wanaotaka kujaribu maharage au kuku, bila kuwataka waeleze wanaacha nini. Riba ni ileile ya wote. Wawili wetu bado hawakubaliani, na wameomba tuandike hivyo.

Jumamosi ijayo saa nane muuguzi atakuja kuongea nasi juu ya vijana na usingizi. Tumechagua maneno hayo kwa makusudi, ili mtu akiulizwa anakwenda wapi apate jibu la kutoa. Mwenye kijana anaweza kuja naye. Kwa asiyependa kuonekana kutoka barabarani, mlango wa upande wa ziwa utakuwa wazi.