Je, Mwajua Kambare Wenu Watoka Wapi?

Ndugu na dada wa vikundi vya Pioneer, tukiweka kambare wa Baringo na wa Ziwa Victoria kwenye karai moja, mtawatofautisha? Si rahisi. Wote wana ndevu, wote wanateleza. Tofauti iko ndani, kwenye jeni, yaani chembe za urithi ambazo mtoto hupewa na wazazi wake.

Wataalamu huzisomaje? Hukata kipande kidogo cha pezi na kukihifadhi kwenye spiriti. Maabarani hutoa chembe hizo, husoma mpangilio wake, kisha hulinganisha samaki huyu na yule.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eldoret, majirani zetu, pamoja na wenzao, walipima hivyo kambare wa maziwa Victoria, Kanyaboli, Turkana, Baringo na Jipe, na wengine wa kufugwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: aina ni moja, lakini wa ziwa hili si sawa na wa lile.

Hayo yatuhusu nini? Mvua ikibomoa bwawa, samaki wataingia Sosiani, wafuate Kipkaren na Nzoia hadi Ziwa Victoria, wazaane na wa huko. Maziwa yakishamwagwa kwenye uji, nani atayatoa?

Basi kabla ya kununua vifaranga, muulizeni muuzaji: wazazi wao walitoka ziwa gani? Msizalishe ndugu kwa ndugu mwaka nenda mwaka rudi, maana kizazi hudhoofika. Na kambare wakizidi bwawani, wauzeni au wapikeni, lakini msiwaachilie mtoni.