Pedali ya wa-wa

Pedali ya wa-wa ni kifaa cha kielektroniki kinachowekwa sakafuni kati ya gitaa la umeme na amplifaya, nacho huendeshwa kwa mguu. Mpigaji akiikanyaga mbele na nyuma, sauti ya gitaa hubadilika kutoka nene na iliyofumbwa hadi kali na iliyo wazi, kama mtu anayetamka "wa". Jina lake limetokana na mlio huo.

Pedali hii haibadilishi noti inayopigwa. Inabadilisha rangi ya sauti tu, na mpigaji ndiye anayeamua ibadilike lini na kwa kasi gani. Kwa hiyo pedali ya bei kubwa haimfai mtu ambaye mguu wake haujazoea kuifuata midundo, na pedali ya kawaida iliyo nzima yaweza kumtosha kwa miaka mingi.

Jinsi inavyofanya kazi

Kazi ya pedali hueleweka kwa kutamka polepole neno "ua". Koo hutoa sauti ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachobadilika ni umbo la kinywa. Midomo ikibanwa kwenye "u", sauti za juu hupungua. Kinywa kikifunguka kwenye "a", sauti hizo husikika. Katika gitaa, nyuzi ni kama koo, na pedali ni kama kinywa.

Ndani ya pedali mna kichujio kilichoundwa kwa koili, kapasita na transista. Kichujio hicho hukuza masafa machache ya sauti na kupunguza mengine. Sehemu inayokuzwa huhamishwa na potentiometa, yaani kinzani cha kuzungushwa kama kile cha kuongeza sauti ya redio. Ubao wa kukanyagia una mhimili wenye meno unaokizungusha. Kisigino kikiwa chini, masafa yanayokuzwa huwa karibu na Hz 400. Vidole vikiwa chini, hufika karibu na Hz 2000. Vipimo hivi hutofautiana kati ya pedali moja na nyingine.

Historia

Wapiga tarumbeta walikuwa na mlio wa namna hii muda mrefu kabla ya pedali. Waliupata kwa kufunika na kufunua mdomo wa tarumbeta kwa kiziba au kwa mkono. Mmoja wao alikuwa Mmarekani Clyde McCoy.

Mwaka 1966 fundi Brad Plunkett wa kampuni ya Thomas Organ, California, Marekani, alikuwa akirekebisha amplifaya ya Vox. Alibadilisha swichi ya gharama kubwa kwa potentiometa, akagundua kwamba kuizungusha kulifanya sauti ipande na kushuka kama kinywa kinachofunguka. Saketi hiyo ikafungwa ndani ya pedali ya kinanda, ili mikono ya mpigaji ibaki huru.

Pedali za kwanza ziliuzwa mwaka 1967 kwa jina la Clyde McCoy, lakini waliozipokea zaidi ni wapiga gitaa. Eric Clapton aliitumia mwaka huohuo katika wimbo "Tales of Brave Ulysses" wa bendi ya Cream, na Jimi Hendrix katika "Voodoo Child (Slight Return)" mwaka 1968. Katika "Theme from Shaft" ya Isaac Hayes (1971), gitaa la Charles "Skip" Pitts lilifanya pedali hii kuwa kama chombo cha mdundo.

Kuchagua

Pedali ifaayo kununuliwa, hasa iliyotumika, ni ile iliyojaribiwa kwa gitaa na amplifaya. Mambo ya kuangalia ni haya:

• Mwendo wa sauti. Ubao ukanyagwe polepole kutoka kisigino hadi vidole. Katika pedali nyingine mabadiliko yote hutokea mwishoni kabisa, na kuimudu ni vigumu.

• Mkwaruzo. Sauti ya kukwaruza ubao unaposogea huonyesha kwamba potentiometa imechafuka au imelika. Kasoro hii hurekebishwa, lakini ipunguze bei. Baadhi ya pedali hutumia mwanga badala ya potentiometa, hivyo hazipati mkwaruzo huo.

• Sauti pedali ikiwa imezimwa. Gitaa lisikilizwe likiunganishwa moja kwa moja na amplifaya, kisha kupitia pedali iliyozimwa. Pedali nyingi za zamani hupunguza ukali wa sauti hata zikiwa zimezimwa.

• Swichi. Kwa kawaida iko chini ya ncha ya ubao na hukandamizwa kwa vidole. Ikiwa ngumu mno, mpigaji atahangaika katikati ya wimbo.

• Umeme. Pedali nyingi hutumia volti 9. Kabla ya kuchomeka adapta, volti na mpangilio wa chanya na hasi vilinganishwe na alama zilizo kwenye pedali, kwani kukosea kwaweza kuunguza saketi.

Gitaa la besi linahitaji pedali iliyotengenezwa kwa ajili yake, kwa sababu ile ya kawaida hupunguza mno sauti nene.

Kuunganisha

Mara nyingi pedali ya wa-wa huwekwa kabla ya pedali ya kukwaruza sauti. Hapo mlio wa "wa" husikika kwa ulaini. Ikiwekwa baada yake, sauti iliyokwisha kukwaruzwa ndiyo huchujwa, na mabadiliko huwa makali zaidi.

Baadhi ya pedali za fazi za mtindo wa zamani hazipatani na wa-wa iliyotangulia: mwendo wa "wa" hufifia au mlio usiotakiwa hutokea. Dawa yake ni kuzibadilishia nafasi au kuweka bafa kati yake.

Kutumia

Wanaoanza wengi hukanyaga bila kupumzika, hata sauti ikawachosha wasikilizaji. Matumizi makuu ni matatu. La kwanza ni kufuata midundo: nyuzi huzimwa kwa kiganja na kucharazwa, huku mguu ukienda sawasawa na pigo. La pili ni kuifanya noti itamke: ubao hufunguliwa noti inapoanza na kufungwa inapoisha, kama mwimbaji anavyofanya na neno. La tatu ni kuuacha ubao mahali pamoja bila kuusogeza, ili gitaa lipate sauti ya puani inayosikika hata kati ya vyombo vingi.

Zoezi jema la mwanzo ni kupiga noti moja tu kwa midundo ya polepole, mguu ukienda na kurudi mara moja kwa kila pigo. Mguu ukishatulia, noti huongezwa kidogo kidogo.

Matunzo

Vumbi ni adui mkubwa wa potentiometa. Ikianza kukwaruza, husafishwa kwa dawa maalumu ya kupuliza kwenye vifaa vya umeme. Isipopona, fundi wa redio anaweza kuweka nyingine yenye kipimo kilekile. Katika pedali nyingi betri huanza kutumika mara tu waya wa gitaa unapochomekwa, hata kama pedali imezimwa. Kwa hiyo waya huo uchomolewe baada ya kupiga.