Dennis Lawrence: Mlinzi Aliyelifurahisha Taifa

Katika kandanda sifa nyingi huwaendea wafungaji. Mlinzi husahauliwa anapotimiza wajibu wake, hukumbukwa siku anapokosea. Lakini bao lililoifikisha Trinidad na Tobago katika fainali za Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza lilifungwa na mlinzi: Dennis Lawrence.

Lawrence alizaliwa Agosti 1, 1974. Alikuwa na umri wa miaka 15 nchi yake ilipocheza na Marekani mjini Port of Spain, Novemba 19, 1989. Sare tu ingaliipeleka Italia mwaka uliofuata. Ilifungwa 1-0, na furaha iliyokwisha kuandaliwa ikageuka majonzi.

Kijana huyo, mwenye kimo cha takriban mita mbili, aliichezea Defence Force, timu ya jeshi, na mwaka 2001 akajiunga na Wrexham ya Wales. Huko alikuwa nguzo ya ulinzi katika madaraja ya chini ya ligi ya Uingereza, mbali na macho ya walimwengu.

Novemba 12, 2005, Trinidad na Tobago ilitoka sare 1-1 na Bahrain nyumbani. Siku nne baadaye, mjini Manama, suluhu ya bila mabao ingaliwatosha wenyeji. Mapema katika kipindi cha pili Dwight Yorke alipiga kona. Lawrence akaruka, akaupachika mpira wavuni kwa kichwa. Kisha akarudi nyuma kufanya kazi aliyoizoea: kulinda. Bao halikurudishwa.

Nchi hiyo, yenye watu wapatao milioni 1.3, ilitoka suluhu na Uswidi huko Ujerumani Juni 2006, ingawa ilicheza karibu kipindi chote cha pili ikiwa na watu 10. Ilifungwa 2-0 na Uingereza, kisha 2-0 na Paraguay. Ilirudi bila bao, lakini haikurudi na aibu.

Oktoba 10, 2017, Lawrence akiwa mwalimu wa timu ya taifa, Marekani ilikuja tena, safari hii mjini Couva. Timu yake ilikuwa mkiani, imekwisha kutolewa, haina la kupata. Hata hivyo ilishinda 2-1, na Marekani ikakosa fainali za 2018. Deni la miaka 28 likalipwa.

Vijana wanaogombania nafasi ya mshambuliaji na wajifunze hapa: mlinda nyumba naye ana siku yake.