Radio gani ya kuweka mu gari za tere? Maelezo kwa yule ataombwa kutayarisha misio

Ndugu na dada wa asosiasio, wengi kati yetu tunaomaliza agronomi, jeoloji ao afya ya watu wote, kazi ya kwanza inatukutana mu Land Cruiser. Unapewa gari mbili, kamio moja ya mbegu na mbolea, na karatasi ya misio. Kisha mukubwa wa kazi anakuambia: "Enjeniere, utafute na radio." Hapo njo shida inaanza, juu ku fakilte walitufundisha udongo na mimea, antene hawakutufundisha. Na ku duka, kila muuzaji anaapa kwamba yake njo inafika mbali.

Jambo hili si la mapambo. Kutoka Likasi kuelekea Mitwaba, ao ku barabara ya Pweto, kuna sehemu ndefu ambako telefone inabakia tu saa na tochi. Kamio ikilala mu matope nyuma yako, ao mwenzenu akishikwa na malaria kali usiku, hakuna mutu atauliza radio ilinunuliwa bei gani. Swali litakuwa moja: nani anaweza kusikia sauti yetu sasa hivi?

Basi mbele ya kuuliza bei, jibu kwanza maswali tatu. Unataka kuongea na nani: gari ya nyuma, ao biro ya Lubumbashi? Yeye iko mbali kilometa ngapi? Na katikati yenu kuna nini: uwanja wazi, pori ya miti, ao mulima? Ukijibu hizo tatu, radio inajichagua karibu yenyewe.

Aina tatu zinazohusu kazi yetu

Ya kwanza ni radio ya mukononi, ile watu wote kwetu wanaita "motorola" hata kama imeandikwa jina lingine. Nguvu yake mara nyingi ni wati 4 ao 5. Ni muzuri kwa kumuongoza shofere anapovuka daraja la miti, ao kwa mutu aliyetangulia kwa miguu kupima kina cha maji. Mu pori, usihesabu zaidi ya kilometa 1 mpaka 3. Na ukiongea nayo ukiwa umekaa ndani ya gari, chuma ya gari inafungia sauti yako ndani.

Ya pili ni radio ya gari ya VHF ao UHF. Inafungwa karibu na dashibodi, antene yake inasimama juu ya gari, na nguvu yake ni wati 25 mpaka 50. Hii njo radio ya kuongea kati ya gari na gari. Zile za kazi zinatumia kwa kawaida megahezi 136 mpaka 174 kwa VHF, na kuanzia 400 kwa UHF. Kwa pori na nyika, chagua VHF, maana majani na miti vinaisumbua kidogo kuliko UHF. UHF inafaa zaidi mu mji, kati ya nyumba na ndani ya majengo.

Ya tatu ni HF, ile wazee wetu wanaita "foni". Watu wa kijiji wanaikumbuka: foni ya paroasi, foni ya wacuuzi, unapanga musitari ili usikie habari za ndugu aliye mbali. Inatumia megahezi 3 mpaka 30, na ile ya gari iko na wati 100 hivi. Hii njo inaweza kutoka Mitwaba na kufika Lubumbashi, zaidi ya kilometa 300 kwa musitari ulionyooka, bila nguzo hata moja katikati.

Mutandaoni utaona pia radio za CB za megahezi 27, zile Wamarekani na Waulaya wanapenda mu gari zao za pori, na vile vidogo vya PMR446 vya nusu wati. Kule kwao viko na nafasi yake, juu kila gari wanayokutana nayo inaweza kuwa na CB. Kwetu, utapiga kelele mu CB mpaka asubuhi, hakuna atakayejibu. Kanuni ni hii: radio muzuri ni ile ambayo watu wa njia yako wako nayo pia. Uliza mbele: mapadri, hospitali, walinzi wa parke, miradi mingine, wanatumia nini?

Kwa nini wati hazitoshi

Hapa njo watu wengi wanapotea. Wanaona radio ya wati 5 na ingine ya wati 50, wanafikiri ya pili inafika mara kumi zaidi. Apana. Hata pale hakuna kizuizi chochote, ukizidisha nguvu mara 10, umbali unaongezeka karibu mara 3 tu. Tena VHF inatembea karibu kama mwanga: dunia ikijikunja, ama mulima ukisimama katikati, sauti inaishia hapo.

Kuna hesabu ndogo ya kukusaidia. Chukua urefu wa antene kutoka chini, kwa meta, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4,12. Unapata kilometa mpaka ku upeo wa radio. Antene iliyo meta 2 juu ya udongo inapata karibu kilometa 6. Gari mbili za namna hiyo, kwenye uwanja wazi: 6 na 6, ni 12. Ukiweka antene ya biro ku nguzo ya meta 20, yenyewe inapata kilometa 18, na gari inaleta 6: jumla 24. Unaona? Nguzo ya meta 20 imekupa kile ambacho wati hazikuweza. Wati zinasaidia kupenya majani na kufanya sauti isikike safi, lakini hazivuki mulima. Gari ikiwa mu bonde la Lufira na ingine iko juu ya plato ya Kundelungu, wanaweza kusikilizana vizuri kutoka mbali. Gari mbili ndani ya mabonde mawili tofauti zinaweza kukosana ku kilometa 3.

Kwa hiyo, makuta yakiwa machache, punguza ku radio, usipunguze ku antene. Antene ya robo ya wimbi kwa megahezi 150 iko na sentimeta 50. Mahali pake ni katikati ya paa, juu chuma ya paa njo inaisaidia kutuma sauti pande zote. Ukiifunga ku pembe ya bampa ya mbele, sauti itaenda upande mumoja zaidi kuliko mwingine. Kisha fundi apime na tosimetre, aparei inayoonyesha kama antene inakubali nguvu ya radio ao inairudisha. Chini ya 1,5 ni muzuri. Ikifika 3, usiongee, tengeneza kwanza. Na usibonyeze mikro hata mara moja kama antene haijafungwa: nguvu inarudi ndani na inaweza kuunguza radio.

Foni inafanyaje kuvuka milima

HF haishindani na mulima, inapita juu yake. Sauti inapanda mbinguni, inakutana na tabaka la hewa lenye umeme, kilometa 250 mpaka 400 huko juu, kisha inarudi chini. Ukituma karibu wima, inarudi kama mvua juu ya eneo lote, kutoka hapo ulipo mpaka kilometa mia kadhaa. Njo maana mulima hauna kazi tena.

Lakini foni inaomba akili kidogo. Mchana, frekanse za megahezi 6 mpaka 8 zinafanya kazi muzuri kwa umbali wetu. Usiku lile tabaka linakuwa dhaifu, unashuka ku 3 mpaka 5. Mutu anayekaa na frekanse moja mchana na usiku atasema foni imekufa, kumbe haijakufa. Kwa hiyo omba frekanse mbili ao tatu, usiombe moja.

Jambo la pili ni antene. Kwa megahezi 5, nusu ya wimbi ni meta 30. Hakuna gari ya kubeba hiyo. Antene ya HF ya gari, yenye meta 2 ao 3, inasaidiwa na aparei ya kuirekebisha, lakini inapoteza nguvu nyingi. Mukisimama kwa kulala, mufanye hivi: mubebe waya wa dipole, vipande viwili vya meta 14 na kitu, muuvute katikati ku tawi la muti ku meta 6 ao 8, na ncha zishuke pande mbili. Sauti itabadilika kabisa. Angalieni tu waya isikaribie nyaya za SNEL ao za mutu yeyote, na mutu asiishike wakati mwenzake anaongea.

Kampuni za Australia, Codan na Barrett, njo utaziona mara nyingi ku gari za mashirika. Ni bei kali. Kwa misio ndogo, foni moja ku gari ya kwanza inatosha, kama VHF iko mu gari zote.

Umeme

VHF ya wati 50 inavuta karibu ampere 10 ukiongea. HF ya wati 100 inavuta 20 hivi. Kwa hiyo tundu la kuwashia sigara halifai. Vuta kable nene moja kwa moja kutoka ku batri, uweke fizible karibu kabisa na batri, ili kable ikikwaruzwa na chuma isiwashe moto gari nzima.

Kamio nyingi ziko na volti 24, yaani batri mbili za 12. Kuna mafundi watakaokuambia: "Tufunge tu ku batri moja." Ukatae. Hiyo batri moja itachoka mbele ya mwenzake, na asubuhi moja kamio haitawaka, katikati ya pori. Nunua konvertisere ya 24 kwenda 12, yenye ampere kupita zile radio inaomba.

Karatasi mbele ya mikro

Hapa naomba musome polepole. Mu inchi yetu, frekanse si mali ya anayenunua radio. Ruhusa inaombwa ku ARPTC. Kama mashine inauzwa wazi ku duka, ama Ulaya inatumiwa bila karatasi, hiyo haikupi haki hapa. Radio ndogo za bei raisi, mufano Baofeng UV-5R, zinakubali uandike frekanse nyingi. Hapo njo hatari: unaweza kuingia mu masikilizano ya polisi, ya jeshi ao ya ndege, bila kujua.

Na kwa sehemu ambazo zimeona vita, mutu mwenye motorola mukononi hahesabiwi kama agronome. Anahesabiwa kwanza kama mupelelezi. Ku baryeri hutapata muda wa kueleza upeo wa radio. Kwa hiyo: kopi ya ruhusa mu kila gari, ordre de mission inayotaja radio na namba zake, gari yenye alama ya shirika, na salamu kwa administratere wa teritware na kwa mwami ao shefu mbele ya kupandisha antene yoyote. Kama ruhusa haijatoka, ni heri kuacha radio ku biro na kupanga safari kwa njia ingine. Telefone ya satelaiti inaweza kusaidia, Iridium inafika dunia nzima, lakini nayo inaomba karatasi, na unaongea na mutu mumoja tu kwa makuta. Radio, ukibonyeza mara moja, gari zote zinasikia.

Liste ya kupeleka kwa mukubwa wa kazi

Kwa gari mbili na kamio moja, mimi ningeandika hivi: VHF tatu za gari, za namna moja, zisizo za dijitali, juu zile za dijitali za kampuni tofauti mara nyingi hazielewani, antene tatu za paa na moja ya akiba, motorola mbili za mukononi zenye frekanse zile zile, konvertisere moja kwa kamio, fizible za akiba, na kama biro iko mbali, foni moja ku gari, ingine ku biro, na dipole mbili. Kisha ningeongeza musitari ambao watu wanausahau: siku moja ya kufundisha mashofere.

Kwa maana radio bila mupango ni chuma tu. Mupatane saa za kusikilizana, mufano saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni. Ku biro kuwe mutu mwenye jina, anayejua kwamba zamu ni yake. Muandike mbele: tukikosa saa moja, anangojea, tukikosa mbili mufuatano, anaita wale wa karibu na mahali tulipotajwa mara ya mwisho, na gari inatoka. Kila mara unapoongea, sema kwanza unamwita nani, kisha wewe ni nani, kisha mahali ulipo, na umalize na "À vous". Maneno mafupi. Hadithi mutaongea jioni ku moto.

Wewe uliye ku tere tayari, angalia leo jioni jambo moja tu: kama gari yako ikisimama kesho saa nane, nani atajua, na ku saa ngapi? Kama huna jibu, anza hapo, mbele ya kuingia ku duka.