Maduara Mekundu ya Birongo

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasomea takwimu katika chuo kikuu. Mwaka jana alipotakiwa kufanya mafunzo ya kazini, yale ambayo vijana huyaita atachimenti, alipata nafasi katika ofisi moja ya mambo ya elimu kule Kisii. Dada yangu hakulala siku tatu. Baridi ya milimani, nani atampikia, ataswali wapi. Nikamkumbusha kwamba wazee wetu walivuka bahari kutafuta elimu, seuze huyu avukaye nchi kavu kwa basi. Akaenda.

Alikabidhiwa rejista za mahudhurio za skuli kadhaa za wadi ya Birongo, katika Nyaribari Chache, azinakili kwenye kompyuta na kuzichambua. Mzazi asiyeijua rejista na aelewe hivi: mwalimu huita majina, aliyepo huwekewa mstari, asiyekuwepo huwekewa duara, aghalabu kwa wino mwekundu.

Serikali ilikuwa na mfumo wake wa NEMIS, ulioanzishwa mwaka 2017. Kila mtoto alikuwa na nambari yake humo, na fedha zilifuata nambari: kiwango kilichowekwa ni shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na 15,042 kwa wa sekondari msingi. Lakini kuandikishwa si kuhudhuria. Nambari hubaki mahali pake hata mwenyewe akiwa shambani anachuma majani chai. Habari hiyo imo katika rejista, nayo rejista huandikwa kwa mkono wa binadamu.

Usiku mmoja akanipigia simu. "Mjomba, nina suali."

Darasa moja halikuwa na duara hata moja muhula mzima. Hapakuwa na mvua wala homa. Alipouliza, mkubwa wake alimwambia asijisumbue, anakili kilichoandikwa. Katika skuli nyingine wastani ulikuwa mzuri, wala hapana ambaye angeutilia shaka; ila alipowatenga wasichana wa Gredi ya 7 na ya 8, akaona kwa baadhi yao maduara yamekuja kwa mafungu, siku tatu au nne, kisha mwezi ukapita, kisha yakarudi.

"Mjomba, hawa si watoro."

Akanyamaza, nami nikanyamaza. Hapa nikiri aibu yetu masheikh: darsani twafafanua hukumu za hedhi mlango baada ya mlango, lakini tukitajiwa mtoto aliyekosa sodo, twatazama chini. Na sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa mwaka huo huo wa 2017, ikailazimu serikali kumpa sodo bure kila msichana aliyebaleghe katika skuli ya umma.

Nikamjibu hivi. Kunakili ulichokiona si uwongo. Lakini ukikitoa kama kweli ilhali wakishuku, hiyo ni shahada bila ya ujuzi. Andika shaka yako chini yake, kwa jina lako. Na kuhusu wasichana, usiiulize kompyuta, muulize mwanamke.

Akaenda kwa mwalimu mmoja wa kike. Kumbe sodo zilikuwapo! Zilikuwa zimefungiwa kabatini, ofisini mwa mwalimu mkuu, naye ni mwanamume wa makamo. Msichana wa miaka 13 alitakiwa abishe hodi, aseme haja yake, kisha atie sahihi. Mwalimu yule akaomba ufunguo, akapewa bila ya ubishi. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, bali hakuna aliyewahi kumwambia.

Mpwa wangu aliondoka kabla ya rejista ya muhula uliofuata. Ripoti yake ilirudi kutoka kupigwa chapa bila ya ukurasa wa lile darasa lisilo na mgonjwa. Akauandika upya kwa mkono, akaubana nyuma.

Dada yangu ameniuliza kama ukurasa huo utamharibia alama zake. Nimemwambia huenda. Alama bado hazijatoka.