Sekunde 10 za Kuitambulisha Chapa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutengeneza Tangazo la Michoro Jongefu

Na Mwandishi Wetu, Babati

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, upo katika makutano ya barabara kuu zitokazo Arusha, Dodoma na Singida. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, wasafiri wengi wa kati ya Dodoma na Arusha hupita mjini hapa, na baadhi yao hununua bidhaa za mkoa huu, yakiwemo mafuta ya alizeti. Muda wa kuchagua ni mfupi. Chupa zinafanana, rangi ya mafuta inafanana, na mnunuzi huchukua ile ambayo jina lake analikumbuka.

Ndiyo sababu wajasiriamali wengi sasa wanataka tangazo fupi la michoro jongefu, yaani picha za kuchora, maandishi na nembo vinavyotembea kwenye skrini, ili wasambaze kwa WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii. Tangazo hilo halihitaji waigizaji wala kamera, na linaweza kutengenezwa kwa kompyuta moja. Hata hivyo, fedha zinazotumika ni za kweli, na kwa kikundi kilichoanza kwa mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kila shilingi ina mahali pake. Makala haya yanaeleza hatua za kufuata ili fedha hizo zisipotee.

Tuchukulie, kwa mfano tu, kikundi cha watu watano kinachokamua na kufungasha mafuta ya alizeti katika Kata ya Maisaka, Halmashauri ya Mji wa Babati. Kina jina, kina chupa yenye lebo, na kinataka tangazo la sekunde 10. Kianzie wapi?

Nembo hutangulia mwendo

Ufundi huu si mgeni duniani. Mwaka 1960, Mmarekani John Whitney alianzisha kampuni aliyoiita Motion Graphics, na tangu hapo michoro inayotembea imekuwa lugha ya kawaida ya televisheni, filamu na matangazo. Katika ukanda wetu, vipindi vya Ubongo Kids vilivyoanza kurushwa nchini mwaka 2014 vimewafundisha watoto hisabati na sayansi kwa michoro jongefu ya Kiswahili. Kabla ya hapo, studio ya Nairobi ilitengeneza Tinga Tinga Tales, kipindi cha watoto kilichochukua sura yake kutoka katika uchoraji ulioasisiwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960.

Uchoraji wa Tingatinga una somo kwa mwenye biashara. Mtu huutambua kwa mtazamo mmoja, hata picha ikiwa imetundikwa ukutani na haisogei, kwa sababu ya mistari yake mizito, rangi zake kali na wanyama wanaoijaza picha. Mwendo ulipoongezwa, ulikuta sura ambayo tayari inajulikana. Nembo isiyotambulika ikiwa imetulia haitatambulika kwa kurukaruka. Kabla ya kumlipa mbunifu wa michoro jongefu, kikundi chetu cha Maisaka kichapishe nembo yake kwa ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kisha kiwaonyeshe watu wasioifahamu. Ikiwa hawawezi kueleza walichokiona, kazi ya kwanza ni kuirekebisha nembo.

Kazi ya pili ni kuhakikisha kwamba nembo hiyo ni mali ya kikundi. Wananchi wengi hudhani kwamba kusajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kunatosha. Jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili tofauti. Jina la biashara hutambulisha anayefanya biashara. Alama ya biashara, inayosajiliwa chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ndiyo humpa mwenyewe haki ya kipekee ya kuitumia alama hiyo kwenye bidhaa za aina iliyosajiliwa.

Maombi huwasilishwa BRELA kwa njia ya mtandao, na bidhaa hupangwa kwa madaraja ya kimataifa. Mafuta ya kula yapo daraja la 29, asali ipo daraja la 30, na sabuni ipo daraja la 3. Alama ikikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi hupewa siku 60 kuliwasilisha. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Usajili huo ni wa Tanzania Bara. Anayeuza pia Zanzibar hana budi kufanya usajili mwingine huko.

Umuhimu wa hatua hii hauonekani mpaka mambo yaharibike. Tangazo linaweza kusambaa na kuzaa matunda, kisha akajitokeza mwenye alama inayofanana iliyosajiliwa kabla. Hapo kikundi hulazimika kuacha jina, kubadili lebo na kulitupa tangazo, na huenda kikadaiwa fidia. Kadiri tangazo lilivyofanikiwa, ndivyo hasara inavyokuwa kubwa.

Aidha, Nembo ya Taifa na Bendera ya Taifa si mapambo ya biashara, na hazipaswi kutumika katika tangazo bila kibali. Vivyo hivyo, alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) huonyeshwa na aliyepewa leseni ya kuitumia pekee.

Jambo moja tu

Kosa linalojirudia katika matangazo mafupi ni kutaka kusema kila kitu: historia ya kikundi, ubora, bei, aina tatu za ujazo, namba nne za simu na salamu za sikukuu. Sekunde 10 hazibebi hayo. Kabla ya mchoro wowote, wanakikundi waandike sentensi moja inayokamilisha maneno haya: "Baada ya kulitazama tangazo letu, mtu akumbuke kwamba…" Sentensi ikihitaji neno "pia", ikatwe. Hilo la pili litengenezewe tangazo lake.

Sentensi hiyo iwe ya kweli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na mchoro unaotembea hausameheki kwa kuwa ni mchoro. Kikundi kikisema mafuta yake yamekamuliwa Babati, yawe yamekamuliwa Babati. Kisidai kwamba yanatibu shinikizo la damu.

Kuzigawa sekunde 10

Picha jongefu ni mfululizo wa picha tuli, zinazoitwa fremu, zinazopita haraka mbele ya jicho. Kiwango kimojawapo cha kawaida ni fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo tangazo la sekunde 10 lina fremu 250. Mbunifu hazichori zote kwa mkono. Huchora fremu za msingi, yaani mwanzo na mwisho wa kila tendo, na programu ya kompyuta hujaza zilizo katikati. Zipo programu zinazolipiwa, kama After Effects, na zipo programu huria zisizolipiwa, kama Blender na Synfig, ambazo kijana anayejifunza anaweza kuzipakua na kuanza nazo.

Kabla ya kompyuta kuwashwa, karatasi inatosha. Mbunifu na wanakikundi wachore visanduku vinne na kuandika chini ya kila kimoja kinachotokea na muda wake. Kwa mfano wetu, mgawanyo unaweza kuwa hivi:

Sekunde ya 0 hadi ya 2: ua la alizeti linafunguka na kujaza skrini.
Sekunde ya 2 hadi ya 5: mbegu moja inadondoka, inakamuliwa, na tone la mafuta linatoka.
Sekunde ya 5 hadi ya 8: tone linaingia kwenye chupa, na nembo inajitokeza juu ya lebo.
Sekunde ya 8 hadi ya 10: chupa imetulia, pamoja na jina, mahali inapopatikana na namba moja ya simu.

Katika hatua hii kubadili wazo ni suala la kufuta kwa penseli. Mabadiliko yaleyale yakiombwa baada ya fremu 250 kukamilika, hugharimu siku za kazi. Kwa sababu hiyo wanakikundi wote waidhinishe michoro ya karatasi kabla ya kazi kuendelea.

Maandishi nayo yapewe muda. Kanuni rahisi ni kwamba maneno yabaki kwenye skrini kwa muda unaotosha kuyasoma mara mbili kwa sauti bila haraka. Yasipotosha, tatizo ni wingi wa maneno, nayo yapunguzwe.

Mwendo wenye maana

Kitu kizito huanza kusogea polepole, kikashika kasi, kisha kikapunguza kabla ya kusimama. Mchoro unaosogea kwa kasi ileile tangu mwanzo hadi mwisho huonekana kama mashine. Hali kadhalika kila kitu kina mwendo wake. Mafuta ni mazito kuliko maji, hivyo tone lake huvutika, huning'inia, ndipo likaachia. Likichorwa likiruka na kutawanyika kama maji, mtazamaji hataweza kueleza kasoro iliyopo, lakini ataihisi, na imani yake kwa bidhaa itapungua. Mbunifu makini atafika kwenye mashine ya kukamulia na kuyatazama mafuta yakitoka.

Si lazima kila kitu kitembee. Jicho hufuata kinachosogea, kwa hiyo vitu vitatu vikisogea kwa pamoja, jina la bidhaa hupotea katikati yake. Nembo inapojitokeza, mengine yote yatulie.

Skrini ndogo, jua kali na gharama ya data

Tangazo likaguliwe pale litakapotazamwa: kwenye simu, nje, juani. Maandishi meupe juu ya njano ya alizeti huweza kupendeza ofisini, lakini stendi ya mabasi hayasomeki. Maandishi meusi au ya kijani iliyokolea juu ya njano husomeka vizuri zaidi. Simu hushikwa wima, hivyo lipatikane toleo la wima lenye vipimo vya 1080 kwa 1920, na toleo la mlalo la 1920 kwa 1080 kwa ajili ya televisheni na mikutano.

Ukubwa wa faili pia ni sehemu ya ubunifu. Tangazo la sekunde 10 linalotumia megabiti 4 kwa sekunde lina megabiti 40, sawa na megabaiti 5. Likipunguzwa hadi megabiti 2 kwa sekunde, hufikia megabaiti 2.5. Michoro yenye rangi chache zilizo bapa hustahimili upunguzaji huo vizuri kuliko picha halisi, na mteja mwenye kifurushi kidogo ataweza kuipakua na kuituma kwa mwenzake.

Tangazo lieleweke bila sauti. Wapo wanaolitazama ndani ya basi sauti ikiwa imezimwa, na wapo ndugu zetu viziwi. Vilevile, mwanga usimwekemwekwe zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja. Mwezi Desemba 1997 nchini Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya kutazama kipindi cha katuni chenye mwanga wa kumeremeta kwa kasi. Athari hiyo huwapata zaidi wenye kifafa kinachochochewa na mwanga.

Mkataba wa maandishi

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi za ubunifu, ikiwemo michoro na muziki. Kwa sababu hiyo, malipo yasifanyike kwa kuaminiana pekee. Mkataba uonyeshe nani atamiliki hakimiliki ya tangazo, litatumika wapi na kwa muda gani, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na malipo yatafanyika kwa awamu zipi. Uonyeshe pia kwamba kikundi kitakabidhiwa faili za awali za kazi, siyo picha jongefu iliyokamilika pekee. Bila faili hizo, namba ya simu ikibadilika, tangazo lote litaanza upya.

Wimbo wa msanii hauchukuliwi bila idhini yake, hata kama ni wa sekunde 10. Sura ya mteja au mfanyakazi isichorwe wala kutumika bila ridhaa yake, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu.

Wananchi wanaohitaji mwongozo wanashauriwa kuanzia kwa Afisa Biashara na Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yao, au ofisi ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) ya mkoa. Kwa masuala ya alama waende BRELA, na kwa masuala ya kazi za ubunifu waende Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

Kwa kikundi cha Maisaka, mpangilio basi ni huu: nembo inayotambulika, alama iliyosajiliwa, sentensi moja ya kweli, michoro ya karatasi iliyoidhinishwa na wote, mkataba uliosainiwa, ndipo kompyuta iwashwe. Kikifuata mpangilio huo, msafiri aliyeliona tangazo kwenye simu yake akiwa Kondoa atashuka Babati akilitaja jina, na mafuta atakayopewa yatakuwa na jina ambalo hakuna awezaye kuwanyang'anya waliolijenga.